Shimo la Maranda

Sakafu ya karakana yetu ilikuwa ya udongo tangu nilipopata akili. Udongo mwekundu wa Duga, ulioshindiliwa kwa miguu ya baba na ya wateja, ukachanganyika na unga wa msumeno na gundi iliyomwagika mpaka ukawa na rangi ya halua. Kiangazi ulikuwa mzuri, ukikanyaga unaona raha. Masika ikifika, maji yaliingia kwa mlango wa mbele yakatokea kwa mlango wa nyuma bila kupiga hodi, na mbao tulizipandisha juu ya matofali. Ukiangusha msumari umeupoteza. Utakuja kuupata mwaka mwingine, kwa unyayo.

Mama ndiye aliyekuwa akiipata zaidi. Kila saa nne alituletea chai, na alikuwa haingii karakana na viatu. Ndala zake alizivua mlangoni kama mtu anayeingia sebuleni. Tulimwambia mara ngapi. Akichomwa, anakaa juu ya benchi, anainua mguu, baba anauchomoa msumari kwa koleo, naye anasema siku tukimjengea sakafu atatuletea chai kwa nyama. Baba anajibu kwamba sakafu ipo njiani. Ilikuwa njiani miaka yote.

Nataka kueleza jinsi sakafu hiyo ilivyojengwa, kwa sababu niliijenga mimi pamoja na fundi mwashi mmoja, na nilitia ndani yake mambo ambayo sijayaona kwa fundi mwingine hapa Tanga. Moja kati ya hayo nilikosea.

Mimi ni mtoto wa kike, wa pekee. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo baba aliyasoma, akaikunja karatasi mara nne, akanipa randa. Sikuhuzunika. Mimi ni mtu wa kucheka, na tena mtu wa ndoto za mchana. Kurasa za nyuma za daftari langu la hesabu zilijaa michoro ya karakana ambayo ningekuwa nayo: dirisha kubwa upande wa mashariki, kibao chenye maandishi ya rangi mbili, sakafu inayong'aa kama sinia. Kwenye simu nilikuwa naangalia mafundi wa nchi nisizozijua, sielewi wanasema nini, nawaangalia sakafu tu. Mmoja alikuwa na pete za chuma chini. Mwingine alikuwa na tundu, anafagia takataka zinaingia humo, kwisha. Nilimwonyesha mama. Akasema, "Na tundu la mimi kuingizia chai hakuna?"

Lazima nieleze habari ya fito, maana bila hizo kosa langu halieleweki.

Baba yangu ana futi kamba mbili na zote zimelala kwenye kopo la misumari. Hazitumii. Yeye hupima kwa fito. Mlango una ufito wake, dirisha lina wake, kitanda cha tano kwa sita kina wake, na kila ufito ameukata alama kwa kisu: hapa bawaba, hapa komeo, hapa ubao wa katikati. Anauweka juu ya mbao, anakwaruza, anakata. Anasema namba husahaulika njiani kati ya jicho na mkono. Fito zote zinasimama kwenye kona ya nyuma, rundo zima, wala hatupi hata mmoja. Mimi nimejifunza kuzijua kwa kugusa alama zake, kama mtu anavyowajua ndugu zake kwa mgongo.

Mama alifariki alfajiri, baada ya kuugua siku sita. Asubuhi ile shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa miongoni mwa waliomwosha, alitoka chumbani na fito mbili zilizokatwa sawasawa kwa urefu wa mama. Hivyo ndivyo inavyofanyika kwetu. Mmoja uliondoka na wachimba kaburi. Wa pili ulikuja karakana kwa ajili ya viunza, zile mbao anazofunikwa maiti ndani ya mwanandani, lile shimo jembamba la chini ya kaburi, kabla ya udongo kurudishwa. Viunza vya mtaa mzima hukatwa kwetu, na baba hajapata kupokea chochote kwa kazi hiyo.

Siku hiyo baba aliuchukua msumeno, akauweka juu ya mbao, akauinua. Akauweka tena. Kisha akauacha pale pale, akatoka nje.

Nikakata mimi. Mbao za mwembe, zilizokuwa zimekaushwa kwa ajili ya rafu za mtu. Nilizipiga randa ubavuni zishikane vizuri, jambo ambalo si lazima. Nakumbuka nilikuwa nawaza kwamba randa inataka kunolewa. Ndani ya nyumba watu walikuwa wakilia, na mimi nikawasikia kama redio ya jirani. Nilipomaliza, wanaume wakaja wakazibeba mbao. Ufito sikuutazama tena, nikadhani nao umechukuliwa.

Wanawake kwetu hatuendi makaburini siku ya maziko. Nilisimama mlangoni na unga wa mwembe mikononi, jeneza likapita, likakata kona ya duka, basi. Mbao zangu zilikwenda mahali ambapo mimi sikufika.

Nilingoja kulia. Mimi ni mtu ninayelia nikiona kuku amegongwa na bodaboda. Niliwahi kulia kwa sababu mteja alikikataa kiti nilichokitengeneza, nikakionea huruma kiti. Kwa mama yangu, hakuna. Matanga yakapita, arobaini ikapita. Ilikuwa kama jino lililochomwa sindano ya ganzi: unajua lipo, unaligusa kwa ulimi, lakini si lako. Nilikula, nililala, nilitania wateja kama kawaida, na wateja walicheka. Shangazi alisema Mungu amenipa moyo wa subira. Sikumbishia. Sikujua nina moyo wa nini.

Baba hakuingia karakana tena. Alikaa barazani, hatua kumi kutoka mlango wa karakana, ameupa mgongo. Alikwenda msikitini, akarudi, akakaa. Mteja akimwuliza kitu, ananyoosha mkono upande wangu. Nilimaliza milango ya nyumba moja ya Raskazone peke yangu, tukaipakia kwenye guta, na baba hakugeuka kuitazama. Usiniulize kama nilikasirika. Niliandika tu kwenye daftari: milango minne, imekwenda.

Miezi mitano baadaye aliniita barazani akaniambia kuna mtu anayeuza soda kwa jumla anataka lile banda la karakana liwe stoo. Ramadhani ikiisha atalichukua. Benchi litauzwa, na mimi nitatafutiwa nafasi kwenye fanicha ya rafiki yake mmoja, barabara ya Pangani. Alisema hayo akiangalia vidole vyake.

Nilijibu kitu ambacho hata mimi sikujua nitakijibu. Nilisema mwenye soda hawezi kuweka kreti kwenye udongo, masika itamharibia mali, kwa hiyo tumwekee sakafu kwanza. Baba akafikiri, akasema ni kweli.

Lakini mimi sikuwa nikimjengea mwenye soda. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, baba aingie karakana. Niliwaza hivi: ile karakana aliyoikimbia ni ya udongo. Nikimpa nyingine, iliyo pale pale, huenda miguu yake ikakubali. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu yote.

Saruji niliipata kwa duka la vifaa vya ujenzi, nikawatengenezea rafu na meza ya kaunta, tukabadilishana. Mawe na mchanga vililetwa na mwashi. Huyu mwashi ni rafiki wa baba tangu ujana wao, Mbondei wa Muheza, Mkatoliki, mtu wa maneno mengi na mikono isiyo na haraka. Alikuja asubuhi na mwiko wake ndani ya ndoo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaiangalia michoro yangu kwenye daftari la hesabu, akaligeuza daftari juu chini, akaligeuza tena.

"Hii sakafu au ramani ya bandari?" akauliza.

Nikamwambia ni sakafu yenye kazi. Akasema yeye sakafu anazozijua kazi yake ni kulala chini watu wakapita juu. Lakini akavua shati.

Tulianza kwa kuondoa udongo. Mimi nilikuwa na sululu, yeye beleshi. Misumari ilitoka kama viazi. Nilijaza kopo zima, na ndani yake nikakuta pini ya mtandio wa mama, imeshika kutu. Niliifuta, nikaitia mfukoni. Nikasimama kidogo kuona kama kuna kitu kitakuja. Hakikuja kitu, nikaendelea kuchimba.

Mbele ya benchi udongo ulikuwa umebonyea mahali pawili. Ni pale baba aliposimama miaka yote, mguu wa kushoto mbele kidogo, wa kulia umegeuka nje. Kabla ya kuchimba hapo nilichukua kipande cha boksi, nikachora zile nyayo mbili, nikaandika nafasi kati yake na benchi. Mwashi akaweka beleshi chini, akanishikia boksi lisipeperuke.

Tukapanga mawe, tukashindilia, tukamwaga zege. Na humo ndimo nilimotia mambo yangu.

La kwanza lilikuwa mteremko. Mdogo, macho hayauoni, lakini maji yanaujua. Kutoka ukuta wa nyuma sakafu inashuka unene wa kidole kwa kila hatua tatu, mpaka kwenye mfereji mwembamba tulioupitisha kando ya mlango wa mbele. Mwashi alitaka sakafu iwe sawa kabisa, akasema mteremko ni wa bafuni. Tukabishana nusu siku. Nikammwagia kopo la maji kwenye ubao ulioinama, akayaangalia yakiondoka, akasema haya, karakana na bafu ni ndugu.

La pili, pete. Nilipeleka vipande vya nondo kwa mchomeleaji, akanikunjia pete sita zenye mkia. Tulizipanga pembeni ya nafasi ya katikati, na wakati zege bado bichi nikaibonyeza kila pete ndani ya kibonde nilichokitengeneza kwa kitako cha kopo la maziwa. Pete ikilala humo haimkwazi mtu. Ukiitaka unaiinua, unapitisha kamba, unaibana fremu ya mlango kwa kijiti unachokisokota mpaka gundi ikauke. Zamani kazi hiyo baba aliifanya kwa kumkalisha mtu juu ya mlango. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi.

La tatu, mistari ya mraba. Nilivunja vigae vyeupe vikawa vipande vyembamba, tukavilaza kwenye niru, ile saruji laini ya juu, vikachora pembe moja kubwa katikati ya sakafu. Pembe tuliipata kwa kamba yenye mafundo: tatu huku, nne huku, tano ikifunga. Fremu ikilazwa hapo, jicho linakuambia kama imepinda kabla hujaipigia msumari.

La nne lilikuwa pale pa nyayo. Saruji inachosha miguu ya mtu mzima, na patasi ikianguka juu yake inavunjika makali. Kwa hiyo mbele ya benchi tuliacha nafasi wazi, nikaijaza vipande vya mtiki nilivyovikata vifupi na kuvisimamisha wima, kimoja kando ya kingine, kama meno. Nilifuata boksi langu. Mtu akisimama hapo anasimama kwenye mti.

Mwashi alipoona hivyo akatoka mpaka barazani. Nilimsikia akimwambia baba, "Yakhe, mwanao ananiamrisha kama askari wa forodha. Njoo unisaidie."

Baba akamwambia anisikilize.

La tano ndilo shimo la maranda. Hili nililipenda kuliko yote. Maranda yakijaa miguuni unateleza, na unga wa msumeno ukilowa unaozesha chini ya benchi. Jirani yetu mfuga kuku huyahitaji maranda kila wiki, na mwuza chapati anataka vipande vya kuwashia jiko. Nikaona nichimbe shimo kando ya ukuta wa kaskazini, liingie viroba vitatu vimesimama mdomo wazi, halafu tulifunike kwa mbao fupi zinazonyanyuka mojamoja. Unafagia, unanyanyua ubao mmoja, unasukuma, unafunika. Kiroba kikijaa unakitoa.

Urefu nikaukadiria kwa macho, viroba vitatu na nafasi ya mkono. Nikaenda kwenye kona ya fito kutafuta ufito unaokaribia. Nikagusa, nikagusa, zote zina alama. Nyuma kabisa nikapata mmoja safi, haujakatwa alama yoyote. Nikafurahi. Niliona ni ufito huru, hauna mwenyewe. Nikauweka chini kando ya ukuta, ukatosha kama ulioagizwa. Nikachora mstari huku na huku, tukachimba. Mwashi akajenga kuta za ndani kwa matofali ya saruji, akapiga lipu. Upana wa kiroba kimoja, kina cha kiunoni. Yeye kwao wanazika kwa sanduku, shimo kubwa. Hakuona kitu. Mimi nami sijapata kuona kaburi likiwa wazi maishani mwangu.

Siku ya kukata mbao za kufunikia, niliuweka tena ule ufito juu ya shimo, nikagawa nafasi. Zilibaki mbao za mwembe, nikatumia hizo. Nikazipiga randa ubavuni zishikane.

Kazi ikaisha wiki mbili kabla ya Ramadhani. Tuliiacha sakafu ilowe maji siku kadhaa, nikaifagia, nikaipangusa kwa kitambaa. Mwashi akasema sasa tumwite mzee, maana hata nyumba ya kuku hukaguliwa. Akakubaliana na mimi kwamba tutamwambia tunataka ajaribu mteremko kwa ndoo ya maji. Moyo wangu haukudunda. Niliusikiliza, nikaona haudundi, nikaenda kuchota maji.

Baba alitoka msikitini baada ya alasiri. Mwashi akamzuia njiani, akamshika mkono kama bwana harusi, akamleta hadi mlangoni. Baba akasimama. Akavua ndala. Sijui kwa nini alizivua, labda kwa sababu sakafu ilikuwa safi. Akaweka mguu mmoja ndani, akauangalia, akaweka wa pili.

Nikampa ndoo. Akamwaga. Maji yakatawanyika, yakakusanyika, yakatafuta mfereji, yakatoka nje. Baba akakubali kwa kichwa. Akaikuta pete, akaiinua kwa dole gumba la mguu, akaiachia ikalala. Akaiinua tena. Akafuata mstari wa vigae mpaka kwenye pembe, akachutama, akafumba jicho moja. Akauliza pembe ile tumeipata kwa kitu gani, nikamwambia kamba ya mafundo. Halafu akafika mbele ya benchi, na miguu yake ikaenda yenyewe, wa kushoto mbele kidogo, wa kulia nje, juu ya mtiki. Akasimama hapo muda. Mwashi akanifinya kiwiko. Nilifikiri, basi, amerudi.

Kisha baba akageuka upande wa kaskazini.

Shimo lilikuwa wazi. Mbao nilikuwa nimezipanga kando, na juu ya mbao nilikuwa nimelaza ufito. Baba akavua kofia. Akalitazama shimo, akazitazama mbao, akainama akauokota ufito, akaupitisha vidole kutoka mwanzo hadi mwisho kutafuta alama.

"Hili umelipima kwa kitu gani?"

"Kwa huo, baba."

Akausimamisha ufito sakafuni, kando ya mwili wake. Ulimfika chini ya sikio. Mama alikuwa akimfika hapo. Walipokuwa wakisimama pamoja mlangoni kuagana na wageni, kitambaa cha kichwa chake kilikuwa kikimgusa baba hapo, chini ya sikio. Nilielewa kabla hajasema, lakini nilielewa kama mtu anayesoma habari za mji mwingine.

"Huu wa mama yako," akasema.

Mwashi akajifuta mikono kwenye suruali. Akachukua ndoo akatoka nje kuiosha, na ndoo ilikuwa haina uchafu.

Nilimwambia baba kwamba sikujua, nilidhani ulikwenda na watu, labda mmoja wao aliusimamisha na wenzake kwenye kona. Nikamwambia nitalifukia leo leo, mawe yapo. Alikaa ukingoni mwa shimo, akaingiza miguu ndani, ufito umelala juu ya mapaja yake. Nami nikakaa upande wa pili. Tulikuwa kama watu wawili wanaonawa miguu kwenye mfereji.

Akanyoosha mkono upande wa mashariki.

"Kichwa kilikuwa huku. Uso kwenye ukuta, kibla. Tuliingia mimi na mjomba wako. Mimi nilimpokea upande wa kichwa."

Nikamwuliza kama palikuwa pakavu. Ni swali lililonijia, sikulichagua.

"Pakavu. Kichanga. Nikamwekea udongo chini ya shavu, akakaa vizuri." Akazigeukia zile mbao. "Viunza vyako vilishikana. Nimeweka viunza vya watu wengi, siku zote unabaki upenyo, unaziba kwa majani. Vyako havikuacha pa kupitisha kidole."

Hakuniangalia wakati akisema. Hajapata kuisifu kazi yangu namna hiyo, kabla wala baada. Nilitazama chini, kwenye lipu ya shimo, nikaona alama za mwiko wa mwashi, duara duara. Nilikuwa najua sasa mahali mbao zangu zilipokwenda. Kifuani palikuwa kimya bado, lakini kimya cha mtu aliye ndani, si cha nyumba iliyohamwa.

Nikarudia kwamba nitalifukia.

"Ufukie nini? Maranda utayapeleka wapi?" Akasimama ndani ya shimo, likamfika kiunoni, akapanda juu. "Shimo zuri. Kipimo ndicho si chake."

Akaita mwashi alete tindo na nyundo. Mwashi akaleta, akataka kufanya yeye, baba akamsogeza. Akapiga magoti upande wa magharibi, akaanza kuvunja ule ukuta mdogo wa mwisho, tofali kwa tofali. Mwashi akalalamika kwamba lipu yake haijamaliza hata wiki na tayari inauawa. Baba akamjibu angelipiga vibaya kidogo ingekuwa rahisi. Wakaendelea hivyo. Mimi nilikusanya vifusi kwa karai. Tulilirefusha shimo likapita kimo cha mtu yeyote, mpaka likafika kwenye kona, viroba vitano sasa. Zile mbao za mwembe baba alizitenga, akasema zitakuwa rafu, kama zilivyokusudiwa tangu mwanzo, hizo na wenzake zilizokwenda na mama. Kifuniko nikakata kingine mimi, cha mtiki.

Ufito hakuurudisha kwenye kona. Aliufunga uzi, akautundika kwenye boriti, juu, mahali ambapo mkono unaotafuta kipimo hauwezi kufika bila kiti.

Kazi hiyo ilituchukua siku mbili, na nilidhani ikiisha atarudi barazani. Asubuhi ya tatu nilimkuta amekwisha kuingia. Ndala zake zilikuwa mlangoni. Amekaa kwenye stuli yake ya zamani, na stuli inagonga, ko, ko. Ilikuwa imezoea mabonde ya udongo, miaka yote mguu mmoja ulizama kuliko mingine, sasa imewekwa kwenye sakafu iliyonyooka imekuwa kama mlevi. Baba alijitikisa huku na huku, akisikiliza.

"Sakafu yako imenivunjia kiti," akasema.

Nikamwambia kiti ndicho kilichopinda, sakafu ndiyo imekisema. Akaguna. Akaipindua stuli juu ya benchi, akasimama kwenye mtiki, akaweka kipande cha mbao kupima mguu ulio mrefu, akakwaruza kwa kisu. Msumeno ulikuwa ukutani. Akautoa, akauweka kwenye alama. Nilishika kazi nyingine ili nisimtazame. Nikasikia meno yakishika mti, mara moja, mara mbili, halafu ule mwendo wake ninaoujua, mrefu kwenda, mfupi kurudi. Kipande kikaanguka sakafuni. Kilikuwa kidogo kama kete ya bao.

Akakalia stuli. Haikugonga. Akachukua ufagio, akausukuma unga mpaka shimoni, akainua ubao, akafunika. Huku mgongo umenielekea akasema amekwisha kumwambia yule mwenye soda atafute kwingine, na kwamba saa nne imefika, kwani siku hizi humu hakunywewi chai?

Nikaenda jikoni nikachemsha chai, nikaweka tangawizi, nikaiweka kwenye sinia na vikombe viwili. Nyama haikuwapo. Nilipofika mlangoni na sinia mkononi nikakuta miguu yangu imeshavua ndala, zimekaa pembeni ya zake. Nikakanyaga ndani. Saruji ilikuwa ya baridi, baridi iliyopanda kutoka kwenye unyayo hadi gotini, nikasimama nayo pale pale.

Baba akainua kichwa.

"Ingia basi, mama," akasema, maana ndivyo alivyoniita tangu utotoni. "Chai inapoa, na misumari hakuna."